Uzi wa pasheni uani: mti umefunika ukuta, majani kibao, matunda hakuna. Tuelekezane hapa

Mche_na_Kisu

Wakuu, salaam. Maswali ya pasheni (karakara) yamezagaa humu na majibu yanagongana, kwa sababu watu wanajibu bila kujua anayeuliza yuko wapi na ana mche gani. Tuyaweke sehemu moja. Ukiuliza taja vitu vinne: eneo, rangi ya tunda, umri wa mche, na kama uko peke yake au iko miwili na zaidi.

Naanza na aina, maana hapo ndipo wengi wanapokosea kabla hata shimo halijachimbwa.

Pasheni ya zambarau ni ya nyanda za juu, kama mita 1,200 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari: Lushoto, Njombe, Mbeya, Iringa, Arusha, na kwa Kenya Nakuru, Kisii, Meru, Eldoret. Inataka usiku wa baridi ili itoe maua. Ukiipanda Dar, Tanga au Mombasa itapanda ukuta, itavuka kwa jirani, na maua utayaona machache au usiyaone kabisa. Hapo hata uweke mbolea ya duka zima hupati kitu.

Ya njano ni ya joto: pwani, Morogoro, na maeneo ya chini ya mita 800 hivi. Tunda ni kubwa kuliko la zambarau, juisi ni nyingi, ukali umezidi. Ina nguvu dhidi ya mnyauko wa udongoni na inavumilia minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi), ndiyo maana wabebeshaji, wale wanaounganisha mche mmoja juu ya shina la mwingine, wanaitumia kama shina la chini. Ukiipeleka kwenye baridi ya Njombe itadumaa.

Katikati hapo, mita 800 hadi 1,200, kitu cha uhakika ni zambarau iliyobebeshwa juu ya njano, au njano yenyewe kama sehemu yako ina joto.

Kwenye kitalu muuzaji anaweza kukuambia lolote. Angalia mche mwenyewe: wa njano shina changa, vikono vya kujisokota na vishikio vya majani vina wekundu fulani hivi, kama damu ya mzee imepita. Wa zambarau ni kijani kitupu. Machotara yapo yatakayokuchanganya, lakini kwa miche ya kawaida alama hiyo inasaidia.

Uani_Tanga

Asante mkuu kwa uzi. Eneo Tanga mjini, pasheni ya njano, miezi 14, uko peke yake ukutani. Maua yanatoka kila siku tangu mvua ziishe, ila kesho yake yananyauka na siku ya tatu yako chini. Tunda moja moja tu limeshika. Maji yapo, samadi ipo.

Mama Kitalu

Uani_Tanga, jibu liko kwenye maneno yako mwenyewe: uko peke yake. Mpasheni wa njano haujichavushi. Chavua ya ua lake haikubaliki kwenye ua lake, wala kwenye ua lingine la mti huohuo. Unahitaji mti wa pili, na huo wa pili usiwe kipande kilichokatwa kwenye wa kwanza, maana kipande ni mti uleule umehamia shimo jingine. Panda miche miwili au mitatu ya mbegu kutoka matunda tofauti, iachane mita 3, ukutani hapohapo.

Zambarau haina shida hiyo, mti mmoja unazaa.

Jambo la pili ni mdudu. Ua la pasheni ni pana na vifuko vya chavua vimekaa juu, vimetazama chini. Nyuki wa asali ni mdogo: anaingia chini kunywa utamu na anatoka bila kugusa vichwa vya kike. Baya zaidi, anaweza kukomba chavua yote mapema. Anayefanya kazi ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao na boriti za paa. Mgongo wake unafika juu, anajipaka chavua na kuipaka ua linalofuata. Watu wanamuua kwa sababu anaharibu kenchi. Kama una mpasheni wa njano, mwekee gogo kavu la mti laini, liinue kutoka ardhini, likae chini ya kivuli ambapo mvua haipigi. Atahamia huko.

Mche_na_Kisu

Naongezea kwa Mama Kitalu. Wakati mti wa pili unakua, na hata ukishakua kama hao nyuki hawapo mtaani kwenu, uchavushe kwa mkono. Sio kazi ngumu ila ina saa zake.

Ua la njano linafunguka kwenye saa sita au saa saba mchana na kufunga usiku. La zambarau linafunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Likishafunga halifunguki tena. Kwa njano basi, nenda kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni.

Litazame ua kwa karibu. Katikati kuna nguzo. Juu ya nguzo kuna vifuko vitano vya chavua ya manjano, na juu yake vijiti vitatu vyenye vichwa vya duara vya kijani. Hivyo vitatu ndivyo vya kike. Ua linapofunguka vijiti hivyo vinakuwa vimesimama wima, kisha ndani ya saa moja hivi vinajikunja chini taratibu hadi vichwa vinafikia usawa wa vifuko. Ua lililo tayari ni lile lililojikunja. Yapo maua ambayo vijiti vyake havijikunji kabisa, vinabaki wima hadi jioni. Hayo yaache, hayashiki, lakini chavua yake unaweza kuitumia kwingine.

Chuma kifuko kimoja kutoka mti wa kwanza (au tumia brashi laini ya rangi, au kidole kikavu), kipake kwenye vichwa vyote vitatu vya ua la mti wa pili. Vyote vitatu, usiguse kimoja ukaondoka. Kila mbegu ndani ya tunda imezungukwa na kijifuko chake cha juisi, kwa hiyo chavua kidogo maana yake mbegu chache, na mbegu chache maana yake tunda jepesi lenye upepo ndani. Wanaolalamika kwamba matunda yao ni makubwa lakini ukikata ni matupu, wengi wao tatizo ni hilo.

Chavua ikilowa inapasuka na kufa. Mvua ikinyesha ndani ya saa moja au mbili baada ya kupaka, ua hilo lihesabu limekwenda. Na usimwagilie juu ya majani mchana wakati maua yako wazi, mwagilia chini.

Ua lililoshika utalijua siku ya tatu au ya nne: kitunda cha kijani kinavimba na maganda ya ua yananing'inia juu yake yamekauka. Lisiloshika linageuka njano shingoni na kudondoka.

Ndizi_Mzuzu

Mimi nasoma tu hapa. Swali la mpanzi wa kwanza: mbegu au mche wa kununua? Na mbegu za tunda la sokoni zinaota?

Mama Kitalu

Zinaota. Chagua tunda lililoiva lenyewe, zito mkononi, sio lile jepesi. Kamua ute na mbegu kwenye kikombe, weka maji kidogo, acha siku mbili au tatu uchachuke, kisha sugua kwenye chujio chini ya bomba hadi utelezi uishe. Zinazoelea tupa. Anika kivulini. Usizihifadhi muda mrefu, zinapoteza nguvu ya kuota. Panda ndani ya wiki chache. Loweka saa 24 kabla ya kupanda.

Kina ni sentimita 1, kwenye mifuko ya miche au vikopo vilivyotobolewa. Udongo sehemu mbili, mboji moja, mchanga moja. Zinaanza kutokeza wiki ya pili, nyingine zinasubiri hadi ya nne, kwa hiyo usimwage udongo mapema. Mche ukifika sentimita 25 hadi 30, miezi miwili au mitatu, unahamia shambani.

Kwa njano, mbegu ni njia nzuri tu na inakupa ile tofauti ya damu inayotakiwa kwa uchavushaji. Kwa zambarau, nunua iliyobebeshwa kama kuna historia yoyote ya mnyauko eneo hilo. Mti wa mbegu utaanza kuzaa mwezi wa tisa hadi kumi na mbili, uliobebeshwa unawahi kidogo.

Jembe_Butu

Kwa waliobebesha au walionunua iliyobebeshwa, mambo mawili yanaua miche mingi. Kwanza, wanaizika ile sehemu ya kiungo. Kiungo kinatakiwa kibaki angalau sentimita 15 au 20 juu ya udongo, na matandazo yasikigusie. Ukikifukia, sehemu ya juu inatoa mizizi yake yenyewe na kinga yote ya shina la njano umeitupa. Pili, wanaacha machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Hayo ni njano. Yana nguvu kuliko ya juu, na baada ya mwaka utaniambia mti wako wa zambarau umebadilika rangi. Haujabadilika, umeuawa. Kila unapomwagilia pitisha vidole hapo chini, kinachochipua kinyofoe.

Wakiri_wa_Nakuru

Salamu kutoka upande huu wa Kenya. Hapa kwetu wengi wanachukua zambarau iliyopandikizwa (iliyobebeshwa) juu ya njano, na kwa maeneo ya chini kuna njano zilizotolewa na KARI (sasa KALRO), taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, zile aina zenye jina la KPF. Niongee juu ya waya na shimo, maana nimeona picha kwenye uzi mwingine mtu amefunga mpasheni kwa kamba ya katani. Mti ukizaa ni mzigo, ukichanganya na upepo wa mvua kila kitu kinalala.

Nguzo ya futi 8, izike futi 2 chini, juu zinabaki futi 6. Kati ya nguzo na nguzo mita 6 isizidi. Waya ni geji 14 ya mabati, mmoja tu juu, uvutwe ukaze kabisa. Nguzo za mwisho zipigiwe mhimili wa kuegemeza, la sivyo zinainamiana mwaka wa kwanza. Nyumbani kama una ukuta, piga hoki za chuma zitokeze sentimita 20 kutoka ukutani ndio upitishe waya. Ukibandika mti kwenye ukuta wenyewe hakuna hewa, na joto la saruji mchana linachoma maua.

Shimo ni sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ule wa juu ndio uchanganye na debe moja la samadi iliyooza sawasawa na gramu 120 za TSP (mbolea ya fosfeti), urudishe. Kama samadi bado inatoa moto, ngoja wiki mbili hadi tatu. Mizizi ya pasheni ni ya juujuu, haiendi chini sana, kwa hiyo maji yakisimama hata siku mbili inaanza kuoza. Udongo mzito wa mfinyanzi: tengeneza tuta la sentimita 30 upande juu yake.

Jua angalau saa sita kwa siku.

Ndizi_Mzuzu

Na nikiuachia upande mwembe uliopo? Nisiingie gharama ya nguzo.

Wakiri_wa_Nakuru

Utapanda vizuri sana, na matunda yatakuwa juu ya mwembe ambako jua liko. Utakula yanayodondoka tu. Kupogoa huwezi, kupiga dawa huwezi, na kivuli cha mwembe kinakula maua ya chini. Mizizi pia inagombania maji na mwembe, na mwembe hauwezi kushindwa hapo.

Jembe_Butu

Kwenye kuulea juu ya waya, utaratibu ni huu. Mche ukishashika, acha shina moja tu. Lifunge kwenye mti mwembamba au kamba hadi lifike kwenye waya, na njiani nyofoa kila chipukizi la pembeni. Likivuka waya kwa sentimita 10, kata ncha. Yatatoka machipukizi mawili ya juu: moja lielekeze kulia kwenye waya, jingine kushoto. Hayo ndiyo mabega. Kutoka kwenye mabega yatashuka matawi yanayoning'inia kama pazia, na hayo ndiyo yanayozaa.

Pasheni inazaa kwenye tawi jipya la msimu huu. Tawi lililozaa jana halirudii palepale, linatoa jipya pembeni na hilo ndilo litoe ua. Kwa hiyo usipopogoa, kila msimu maua yanasogea mbali zaidi, ndani kunabaki fagio la matawi makavu, na magonjwa yanapata nyumba. Baada ya mavuno, mvua zikianza, kata yale yanayoning'inia ubakize macho manne au matano kutoka begani. Yanayogusa ardhi yapunguze yabaki sentimita 30 juu. Vikono vinavyosokota matawi pamoja vikate, vitoe hewa.

Usikate wakati wa kiangazi kikali, na usiguse mti mkongwe wa kahawia kwa matumaini utachipua. Mara nyingi hauchipui. Kata kijani.

Kivuko

Wakuu, mbolea. Kila mtu ana lake. Wengine wanasema mkojo wa ng'ombe, wengine Yurea. Naomba vipimo.

Jembe_Butu

Yurea iache. Naitrojeni nyingi ndiyo inayotengeneza ule mti wa majani matupu ambao mwenye uzi ameutaja kwenye kichwa cha habari.

Mwaka wa kwanza CAN (mbolea ya naitrojeni na kalsiamu) gramu 60 kwa mti, igawe mara mbili, miezi mitatu baada ya kupanda na tena mvua zinazofuata. Kizibo cha soda kilichosawazishwa ni kama gramu 5, basi vizibo sita kila mara. Kuanzia mwaka wa pili gramu 120, nayo igawe. Mti ukianza kuonesha vitumba vya maua, badilisha uweke NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kiasi hichohicho, maana tunda linadai potasiamu nyingi. Samadi debe moja kila mwanzo wa mvua. Vyote viwekwe kwenye duara, sentimita 30 hadi 45 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu, kisha funika. Kamwe usirundike shinani.

Mkojo wa ng'ombe ni naitrojeni vilevile. Ukiutumia, changanya na maji mara kumi na upunguze CAN.

Majivu ya jikoni yana potasiamu, sawa, lakini yanapandisha pH, yaani yanapunguza uchachu wa udongo. Pasheni inataka pH ya 5.5 hadi 6.5 hivi. Konzi mbili kwa mti kwa msimu zinatosha, sio ndoo.

Mama Kitalu

Sikubaliani na Jembe_Butu kwenye samadi ya kila msimu kwa mchanga wa pwani. Debe moja linaoshwa na mvua za masika lote. Bora nusu debe kila miezi mitatu na matandazo ya kudumu ya nyasi kavu, unene wa kiganja, yasiguse shina. Mchanga wetu shida yake kubwa ni maji. Kiangazi mti mkubwa unataka ndoo mbili za lita 20 kwa wiki, na kwenye mchanga uzigawe kila siku ya pili au ya tatu. Ukiukausha halafu ukaujaza maji kwa mkupuo, unatupa maua na vitunda vichanga kwa pamoja.

Jembe_Butu

Kwa mchanga uko sahihi, mama. Vipimo vyangu ni vya udongo mwekundu.

Mushi_wa_Bondeni

Arusha, zambarau ya mbegu, mwaka mmoja na nusu, miti mitatu. Mmoja majani ya upande mmoja yamelegea ghafla, yako kijani bado. Maji yapo. Siku nne sasa. Nimwage dawa gani chini?

Mche_na_Kisu

Usimwage kitu kwanza. Chukua kisu, usawa wa ardhi, kwenye upande ulionyauka, bandua ganda kwa urefu wa kidole na uchanje mti wa ndani kidogo kwa urefu.

Kama ndani kuna mistari ya kahawia au wekundu wa kutu inayopanda na mti, huo ni mnyauko fuzari. Kuvu wake anaishi udongoni na anaziba njia za maji kutoka ndani. Hauna dawa. Upande mmoja ukishalegea, mwingine unafuata. Ng'oa na mizizi, choma hapohapo, na udongo wa shimo usiutembeze kwenye ile miwili mingine, wala jembe lisilooshwa.

Kama ndani ni peupe safi lakini ganda la nje pale chini limelainika, limekuwa jeusi au limepasuka na kutoa ute, hiyo ni kuoza kwa shina, inasababishwa na maji kusimama na matandazo kubanana na shina. Hapo kuna nafasi: ondoa kila kinachogusa shina, kwangua sehemu iliyooza hadi ufike kwenye kijani, paka dawa ya shaba iliyokorogwa iwe uji mzito, na ufungue mfereji maji yaondoke.

Kama vyote ni safi, fukua mizizi midogo. Vinundu vilivyovimba kwenye mizizi ni minyoo fundo, ingawa hao kwa kawaida wanadumaza mti polepole, sio kwa siku nne.

Mushi_wa_Bondeni

Nimechanja. Mistari ya kahawia ipo, imepanda kama sentimita 20.

Mche_na_Kisu

Pole mkuu. Ni fuzari. Ng'oa leo. Shimo hilo usirudishe pasheni ya mbegu, huyo kuvu anakaa udongoni miaka mingi. Kama nafasi ni hiyohiyo tu, panda zambarau iliyobebeshwa juu ya njano, na isogeze mita kadhaa kutoka hapo. Ile miwili iliyobaki iangalie kila wiki, na usipalilie kwa jembe karibu nayo: kidonda cha mzizi ndio mlango wa kuvu. Magugu ng'oa kwa mkono.

Lwiro_Shambani

Jambo kwenu wote, niko Bukavu. Marakuja (ndiyo pasheni) ya zambarau, mvua nyingi, ina madoa ya kahawia kwa majani, yenye duara ndani ya duara, na kwa matunda doa linaingia ndani, ngozi inakunjamana. Majani yanaanguka mengi.

Wakiri_wa_Nakuru

Hayo ni madoa ya kahawia, kuvu wa Alternaria. Anapenda unyevu na matawi yaliyosongamana. Dawa ya kwanza ni makasi: fungua mti hewa ipite, yale yaliyogusa ardhi yakate, majani na matunda yaliyoanguka yakusanye uchome au uzike. Kisha shaba au mankozebu, kabla mvua haijakolea, urudie kila wiki mbili msimu wa mvua, kwa kipimo cha kwenye lebo, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukisubiri majani yaanguke ndio upige, unalinda matawi tu.

Piga saa maua yamefunga. Kwa zambarau ni baada ya saa nane mchana. Kwa njano ni asubuhi mapema.

Uani_Tanga

Mama Kitalu na Mche_na_Kisu, nimepata mche wa pili, nawashukuru. Swali jingine: kwa jirani matunda ya mpasheni wake yamekuwa madogo, magumu kama jiwe, ganda nene, ndani kijiko kimoja cha juisi hakifiki. Majani ya juu yamejikunja na yana mabaka ya njano. Naogopa kuchukua kikonyo (kipande cha tawi cha kupanda) kwake.

Mche_na_Kisu

Usichukue. Hicho ni kirusi, ugonjwa wa tunda kuwa gumu. Anabebwa na vidukari (wadudu mafuta), na vidukari wanamwambukiza mti kwa sekunde wanapochoma kuonja, kabla dawa yoyote haijawaua. Ndio maana kupuliza dawa ya wadudu hakuzuii ugonjwa huu kuingia. Kinachosaidia ni kuondoa chanzo: mti wa jirani ung'olewe, na usipande kunde wala maharage karibu na mpasheni, kwa sababu moja ya virusi vinavyoleta ugonjwa huu Afrika Mashariki ni vya kunde pia.

Njia ya pili ya kusambaa ni makasi. Ukipogoa mti mmoja ukahamia mwingine bila kusafisha, umemhamisha mwenyewe. Chovya makasi kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, kila unapobadili mti, kisha ukimaliza suuza na upake mafuta yasishike kutu.

Mti ulioambukizwa hauponi. Ukiulisha na kuumwagilia vizuri utazaa zaazaa, lakini unakaa hapo kama ghala la ugonjwa. Kaa na jirani mzungumze.

Kivuko

Matunda yangu yana vidonda vidogo vilivyovimba, kama chunusi ngumu, mengine yamebonyea. Ndani ni mazima. Inzi wa matunda?

Jembe_Butu

Ndiyo, au kunguni wa mimea wanaofyonza. Inzi anachoma tunda likiwa changa na laini, tunda linajihami kwa kufanya kovu gumu, na funza mara nyingi hafiki popote. Tunda likipona linaliwa, sokoni ndiko linakataliwa. Changa sana likichomwa linasinyaa na kudondoka.

Nyumbani, bora kuliko dawa ni mfuko wa karatasi: wiki moja hadi mbili baada ya tunda kushika, livishe na ulifunge shingoni kwa uzi. Yaliyodondoka yenye funza yazike nusu mita, au yafungie kwenye mfuko mweusi wa plastiki yapikwe na jua. Kuyatupa kwenye lundo la mboji ni kuwafuga. Mitego ya harufu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo inavuta madume tu, inapunguza, haimalizi.

Ghorofa_ya_Tatu

Kwa sisi wa baraza la ghorofani, Kinondoni, chombo kinawezekana?

Mama Kitalu

Inawezekana, dada au kaka. Chombo kisipungue lita 60. Nusu pipa la plastiki lililotobolewa matundu kumi chini ni zuri. Weka kokoto kidogo tu kuzuia matundu yasizibe, kisha udongo, mboji na mchanga. Kuta za pipa jeusi zifunike na gunia, jua la mchana linapika mizizi. Maji kila siku kipindi cha joto, mbolea kidogo kidogo kila wiki tatu kwa sababu maji yanaiosha. Njano, miti miwili, mapipa mawili, na juu ghorofani usitegemee nyuki: brashi.

Upepo wa ghorofani unavunja machipukizi, kwa hiyo funga waya kwenye nondo za baraza mapema, kabla mti haujafika. Utapata matunda machache kuliko ya ardhini, na baada ya miaka mitatu utaanza upya na mche mpya.

Ndizi_Mzuzu

Na la mwisho kwangu: unajuaje limeiva? Wengine wanachuma likiwa limebadilika rangi kidogo.

Wakiri_wa_Nakuru

Wa kuuza mbali wanachuma rangi ikiwa nusu, kwa ajili ya safari. Wewe wa nyumbani usichume. Kuanzia ua hadi tunda kuiva ni kama siku 70 hadi 80, kwenye baridi zinazidi, na likiiva linajiachia lenyewe. Tandika nyasi chini lisipondeke, okota kila siku asubuhi. Likilala siku mbili juani linachemka. Watoto wasile yale ya kijani mabichi, yana sumu ya aina ya ile ya mihogo michungu.

Mama Kitalu

Likishaokotwa liache mezani siku tatu nne ganda likunjamane kidogo. Maji yanapungua, utamu unajikusanya. Kukunjamana sio kuoza. Angalia ukungu na harufu.

Juisi: kwenye blenda bonyeza na uachie mara tatu nne, kisha chuja. Ukiiacha izunguke dakika nzima mbegu zinasagika, juisi inapata uchungu na vumbi jeusi. Ute mzima ukigandishwa kwenye vikopo kwenye friza unakaa miezi.

Uani_Tanga

Nimejaribu brashi saa tisa alasiri kwa chavua ya mti wa mtaa wa pili. Mvua imepiga saa kumi kasorobo. Nirudie maua yaleyale au nisubiri ya kesho?

Mche_na_Kisu

Kama bado yako wazi na yamekauka, rudia leoleo kabla ya magharibi kwa chavua kavu, iliyotoka kwenye ua lililokuwa chini ya majani. Yaliyolowa hadi katikati yaache. Kesho funika machache kwa mifuko ya karatasi mapema kabla hayajafunguka, ufungue saa nane upake, ufunike tena hadi usiku.